Lalamiko la Bi Kidawa katika Nchi ya Laleni

—na kitanda chenyewe, jamani, kilikuwa cha mama wa mtu! Mama wa mtu aliye hai, anayepumua, anayekohoa, kalazwa kwenye kabati la mashuka upande wa pili wa ukuta huohuo! Na huyo binti Sikudhani keshakilalia, keshajigaragaza, kesharukaruka juu yake kama mtoto, na godoro kalisifia!

Haya, tuanze mwanzo, maana likianziwa katikati halieleweki. Sikudhani ni yule binti wa chuo cha hoteli, mwembamba, mwenye kicheko cha kukatisha mazungumzo ya watu, aliyemaliza masomo kwa kuandika insha ndefu kuhusu historia ya malazi tangu binadamu wa kwanza alipobisha hodi kwa binadamu wa pili. Nchi aliyofika inaitwa Laleni. Alipita wapi, alipanda nini, hayo hayasaidii kitu. Laleni haitafutwi. Mtu anajikuta tu yuko langoni, kashikishwa kitaulo cha moto, na watu wanamuimbia.

Watu wa Laleni waligundua zamani sana kwamba wao ni wakarimu kuliko mataifa yote, na tangu wagundue hawajapumzika. Kila nyumba huko ni hoteli. Kila chumba kina namba, kila mlango una kibao: JISIKIE NYUMBANI. Mwenyeji haruhusiwi kulala kitandani. Si kwamba akilala anapigwa. Laleni hapigwi mtu. Anaulizwa tu kwa upole, "Je, akija mgeni?" Na kwa kuwa mgeni anaweza kuja wakati wowote, mwenyeji anajibanza anapopata: huyu stoo, yule nyuma ya meza ya mapokezi, mwingine jikoni kando ya mapipa ya unga. Wenyewe wanaita kujiegesha. Salamu yao ya asubuhi ni "Umejiegesha salama?" na jibu lake ni "Salama, karibu tena." Watoto wanazaliwa kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu mashine zinanguruma na mgeni hasikii kilio. Arusi zipo, lakini bibi arusi ndiye anayegawa soda.

Na kufa hakupo. Mtu wa Laleni hafi, anaondoka. Kwa nini, tutafika.

Sikudhani hayo yote hakuyaona siku ya kwanza. Siku ya kwanza alikuwa anapepea! Alipokelewa na mhudumu mmoja, Mashavu, mwanamke wa makamo, sare imepigwa pasi mpaka inakata, tabasamu limekaa usoni kama limeshonwa. Mashavu akambebea begi, na kabla ya kumpa ufunguo akasimama kwenye ngazi, mikono nyuma, akaanza kukariri. Sheria ya Laleni inamtaka mgeni asikie kwanza Enzi za Ukarimu.

"Mwanzo ilikuwa Enzi ya Mkeka," Mashavu akasema. "Mgeni alipobisha hodi alitandikiwa mkeka barazani, akala walichokula wenyeji, akaondoka na dua. Hiyo ilikuwa enzi ya giza. Hapakuwa na sabuni ndogondogo."

"Ya Mkeka, naam!" Sikudhani akaruka. "Hiyo iko kwenye insha yangu, sura ya kwanza!"

"Ikafuata Enzi ya Msafara. Watu na punda wakalala ua mmoja. Mwenye ua akaona kumbe majani ya punda yanalipiwa. Akajiuliza, ya mtu je? Ikaja Enzi ya Garimoshi, hoteli zikaota kila stesheni, na watu wakavishwa glovu nyeupe ili wawashikie wenzao mabegi. Ikaja Enzi ya Ghorofa, yenye lifti na maji ya moto chumbani. Ikaja Enzi ya Nyota, wakaguzi wakapita, paa likapigiliwa nyota. Kisha Enzi ya Sura Moja: pazia lilelile, zulia lilelile, picha ya ua lilelile juu ya kila kitanda, mgeni akiamka asijue yuko mji gani wala asisumbuke kutaka kujua. Na sasa tumo katika Enzi ya Kila Nyumba. Ilionekana kwamba nyumba za watu zimejaa vitanda vinavyolaliwa bure na wenyewe."

"Dada Mashavu, wewe ungekuwa mwalimu wetu mimi nisingesinzia hata siku moja!"

Mashavu akampa ufunguo. Halafu akaangaza huku na huku, akashusha sauti. "Mgeni wangu, naomba nikuulize kitu. Usinishtaki. Hicho kibao cha mlangoni. Kujisikia nyumbani, kukoje?"

Sikudhani akacheka kile kicheko chake. Akakikata katikati. Yule mwanamke alikuwa anauliza kweli, na anasubiri jibu.

"Ni... unajua tu," Sikudhani akasema. "Unavua viatu, unavitupa popote."

"Popote," Mashavu akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Kesho yake mchana ndipo Sikudhani alipotaka taulo ya pili. Mashavu alikuwa chini anaimbia wageni wapya. Sikudhani akafungua kabati la ukumbini mwenyewe, lile refu la mashuka, akanyoosha mkono.

"Taulo ziko rafu ya juu," sauti ikasema. "Rafu ya chini ni mimi."

Wee! Aliruka nyuma mpaka akagonga ukuta. Katikati ya foronya na mablanketi alikuwa amelala kizee cha kike, kidogo, macho makali, mguu mmoja umekunjwa kwa sababu rafu haikutosha.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Funga mdomo, nzi wataingia. Kitanda kinaendeleaje?"

"Kitanda gani, bibi?"

"Hicho unachokirukia. Usinione nimelala humu, ukuta ni mwembamba. Mguu wa upande wa dirishani bado unalia?"

"Unalia kidogo..."

"Utalia tu. Mume wangu alikichonga akiwa na haraka, arusi ilikuwa Ijumaa." Akakohoa kikohozi kirefu, kile cha kwenda na kurudi. "Mimi ni Bi Kidawa. Hicho chumba ni changu. Nilikiingia bibi arusi, nikazaa humo watoto wangu, akiwemo huyo Mashavu anayekubebea begi. Watoto wa siku hizi wanazaliwa kwenye mashine. Mashavu alizaliwa kitandani, ndiyo maana ana akili kidogo."

Sikudhani hakucheka.

"Mimi ninakufa, mwanangu," Bi Kidawa akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kikombe cha maji. "Usitoe macho, nyie watu wa nje bado mnaruhusiwa kulisikia neno hilo. Sina tamaa ya kuishi. Nataka nifie kitandani kwangu. Basi, zaidi ya hapo sina dai."

Binti mwingine wa chuo angeenda kufanya utafiti kwanza. Sikudhani alimshika bibi mkono pale pale, akamkokota taratibu mpaka mlangoni, na alikuwa keshainua shuka Mashavu alipoingia na sinia la chai. Sinia likaanguka. Tabasamu halikuanguka, na hilo ndilo lililotisha.

"Mgeni wangu, unaniua!"

"Ni mama yako, dada!"

"Ni mwenyeji! Mgeni akimpa mwenyeji kitanda, maana yake ukarimu umekataliwa. Ukarimu ukikataliwa wananipeleka Idara ya Uani. Unaijua Uani? Watu wanamenya viazi vya nchi nzima, na sheria inasema asiwaone mtu. Shangazi yangu yuko huko. Bado anamenya au keshaondoka, hatujui, kwa sababu viazi vinakuja vilevile." Akamgeukia mama yake, machozi yanamlenga na meno yote nje. "Mama, rudi kabatini. Tafadhali. Mganga wa hoteli kasema ni leo au kesho. Vumilia kidogo tu."

"Nikishavumilia?" Bi Kidawa akauliza.

Mashavu akaokota vikombe. Ilibidi Sikudhani amfuate hadi kwenye ngazi ndipo akaambiwa. Laleni mtu akishaondoka wanamweka kwenye toroli la nguo chafu. Wanamfunika mashuka ya kufuliwa. Wanapita naye mlango wa nyuma, haraka, kwa sababu mgeni akiona maiti anakumbuka kwamba naye ni mtu, na mgeni aliyekumbuka hilo haagizi kitindamlo. Makaburi hayapo, yanaharibu mandhari. Ndugu wa aliyeondoka wanabaki kwenye meza zao za kazi wakitabasamu. Na mkaguzi anapita kuwatazama nyuso.

"Na mimi nitakuwa pale mapokezi," Mashavu akasema. "Nasema karibu. Toroli linapita nyuma yangu, na mimi nasema karibu."

Basi yule Sikudhani wa kupepea akaishia hapo. Usiku ule bibi alirudi kabatini, yeye akalala sakafuni, asubuhi akavaa viatu, akaenda Baraza la Mapokezi.

Baraza hilo linakaa kwenye ukumbi mkubwa wa marumaru, kwenye sofa laini ajabu. Sofa hizo ndizo katiba yenyewe. Anayetaka kupinga jambo lazima asimame, na hakuna anayeweza kusimama, maana zinammeza mtu mpaka kifuani. Kwa hiyo kila jambo linapita kwa kauli moja, na Laleni wanajivunia umoja wao.

Katikati alizama Mpokezi Mkuu, Bwana Ngwali, mzee safi mwenye sauti ya kubembeleza. Kulia kwake alizama Bibi Somoe, Mkuu wa Mito na Foronya, mwanamke mpana, mkali, kakumbatia mto kama mwanasheria anavyokumbatia jalada. Mkaguzi wa Nyota alizama pembeni, anaonekana kofia tu.

Sikudhani akaeleza. Akaeleza kwa mbio kama kawaida yake, mikono hewani. Walisikiliza kwa adabu kubwa, kwa sababu mgeni anasikilizwa.

"Bi Kidawa tunampenda," Bwana Ngwali akasema. "Vitumbua vya baraza hili alipika yeye, miaka na miaka. Ndiyo maana tunataka aondoke kwa heshima yake, kimyakimya."

"Kabatini?"

"Kabati lile lina mablanketi ya sufu," Bibi Somoe akadakia. "Wapo wanaojiegesha juu ya makaa ya jikoni. Na wewe binti usituchezee. Mwenyeji akipewa kitanda leo, kesho ataomba kiti. Keshokutwa atauliza ufunguo."

"Na maiti mmoja ni nyota moja," kofia ikasema. "Akionekana, nang'oa."

"Nyota ngapi mnazo?"

"Mgeni wetu mpendwa," Bwana Ngwali akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakwaruza, "tumezipata kwa taabu."

Sikudhani akasimama pale, kabanwa. Ila chuo hakikumfunza bure. Walikuwa wanakaririshwa maana ya maneno mpaka wanaota. Akauliza, "Sheria inasema nani analala kitandani?"

"Mgeni."

"Na mgeni ni nani?"

Hapo wote watatu wakakariri kwa pamoja, macho juu, kama watoto wa madrasa: "Mgeni ni mtu yeyote aingiaye kwa Lango la Mbele, amechoka, ana mzigo, na ametoka mahali."

"Basi Bi Kidawa atakuja mgeni."

Maji ya chemchemi ya ukumbini yakasikika.

"Haiwezekani!" Bibi Somoe akasema, akajikaza asimame apinge. Sofa ikamrudisha. Akajaribu kwa kiwiko, ikamrudisha tena, na safari hii ikammeza na mto wake. Bwana Ngwali akatazama kushoto, akatazama kulia, hakuona aliyesimama.

"Imepita kwa kauli moja," akasema, na alionekana kushangaa mwenyewe.

Sasa, kumtoa Bi Kidawa nchini ili arudi, kuna njia moja tu ambayo mwenyeji anatokea. Ndiyo, lile toroli. Mashavu alilishika, mama yake juu yake, mashuka machafu pembeni.

"Mnanizoesha mapema," Bi Kidawa akasema.

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Gurudumu hili linavuta kushoto. Mkinipitisha mara ya pili mlitie mafuta."

Wakapita mlango wa nyuma. Wakazunguka ukuta wa nje, mahali pasipo na maua wala taa, majalala tu na maganda ya viazi, milima ya maganda. Mashavu aliyatazama yale maganda akitafuta kitu. Bi Kidawa pumzi ilikuwa inakatika, inaunga, inakatika. Sikudhani akamwekea begi lake mwenyewe mapajani, lile la waridi lenye stika za chuo, ili awe na mzigo. Kuchoka hakukuhitaji msaada.

Lango la Mbele lilipowaona likachangamka! Laleni hawajui kupokea kidogo. Kitaulo cha moto kikaja. Sharubati yenye kijiavuli ikaja. Wasichana wakaimba Karibu ya kwanza, na Karibu ya Laleni ina beti nyingi kuliko shida za dunia. Bi Kidawa kichwa kinaanguka begani, wao wanapiga makofi. Sikudhani akapiga kelele, "Fupisheni! Fupisheni jamani!" wakamtabasamia, wakaanza kiitikio upya kwa sababu mgeni kaonyesha kuufurahia. Mashavu mwenyewe, mdomo ulikuwa unaimba. Hakujua. Miaka yote ile, ulimi ulishajifunza njia.

Halafu karani wa lango akauliza, "Mgeni wetu mpendwa, unatoka wapi?"

"Hapa," Bi Kidawa akasema.

"Samahani?"

"Natoka hapa. Chumba cha dirisha la mashariki."

Karani akaweka kalamu chini. Wimbo ukanyamaza. "Mgeni hawezi kutoka hapa."

"Mama!" Mashavu akapiga magoti. "Sema popote! Taja mji wowote!"

"Sijawahi kusema uongo kuhusu kwetu, nianze leo?"

"Mama, nakuomba. Sema popote. Uingie."

Bi Kidawa akamtazama binti yake pale chini, sare imeingia vumbi. Akavuta pumzi. Akamgeukia karani. "Natoka mbali," akasema.

"Mbali wapi, bibi?"

"Mbali sana, mjukuu wangu. Wakati natoka huko mama yako alikuwa hajazaliwa. Watu walikuwa wanalala na milango wazi."

Karani akafikiri, kisha uso ukamng'aa. Nchi ya Mbali Sana! Haijawahi kuleta mgeni! Na nchi mpya ikileta mgeni, sheria inataka apelekwe chumbani na Mpokezi Mkuu mwenyewe. Kengele zikapigwa. Wakatolewa kwenye sofa zao kwa kamba, Bwana Ngwali na Bibi Somoe, wakaja mbio, na msafara mzima ukapanda ngazi na Bi Kidawa juu ya kiti cha kubebwa, begi la waridi mbele.

Wakamlaza. Mguu wa upande wa dirishani ukalia.

"Ndiyo," Bi Kidawa akasema, akafumba macho. Ilikuwa alasiri, jua limeshahama dirisha hilo, chumba kina rangi ya majivu. Bibi Somoe akamwekea mto kichwani. Kazi ni kazi, aliuweka vizuri, akaukung'uta pande zote mbili kwanza. Na Bwana Ngwali, mikono imekutanishwa kifuani, akasema maneno ambayo amewaambia wageni wote wa maisha yake, kabla hajakumbuka anamwambia nani:

"Je, mgeni wetu mpendwa ana agizo? Ana lalamiko?"

Bi Kidawa akafumbua jicho moja.

Lazima lieleweke hili. Laleni mwenyeji hana lalamiko. Akilalamika ni kikohozi, anapewa dawa. Ila la mgeni linasikilizwa na wakubwa wakiwa wamesimama, hawaketi, hawatoki, mpaka mgeni mwenyewe awape ruhusa. Na mpaka mgeni mwenyewe aseme limekwisha, chumba hakiguswi, wala aliyemo hatolewi.

"Ninayo," Bi Kidawa akasema. "Agizo kwanza. Huyu mhudumu akae hapa kitandani."

Mashavu akamtazama Bwana Ngwali. Bwana Ngwali akatazama dari. Agizo la mgeni! Mashavu akakaa, ncha tu ya godoro, kama godoro lina moto.

"Kaa kama mtu. Vua viatu."

Akavua. Akavishika mkononi, hajui aviweke wapi. Kisha, jamani, akavitupa. Kimoja huku, kingine kule.

"Agizo la pili. Namtaka anune."

"Mgeni wetu mpendwa, mhudumu hawezi..." Bibi Somoe akaanza.

"Nimeagiza."

Lile tabasamu halikutoka mara moja. Lilitoka vipande vipande, midomo kwanza, mashavu, halafu macho, na chini yake kulikuwa na uso ambao Sikudhani hakuwahi kuuona, uso wa mtoto kachoka. Mashavu akaweka kichwa kwenye miguu ya mama yake, akalia kwa sauti. Ukumbini wageni wakafungua milango. Bwana Ngwali hakuweza kutoka kwenda kuwaomba radhi.

"Sasa lalamiko," Bi Kidawa akasema, mkono kichwani kwa binti yake. "Mnakariri Enzi ya Mkeka, ati ya giza. Mkeka wa kwetu alisuka bibi yangu, ukili wake wa zambarau. Mgeni akija bibi anamuuliza jina, jina la mama yake, mpaka jina la mbuzi wake. Mkaja mkasema mnauazima, mnaupeleka makumbusho. Haujarudi. Hilo moja."

"Tunaomba radhi kwa usumbufu," Bwana Ngwali na Bibi Somoe wakasema pamoja.

"Garimoshi. Baba yangu mlimvisha glovu nyeupe, asizivue mpaka treni ya mwisho, na treni ya mwisho haikuwahi kufika. Alipokufa... ndiyo, Somoe, alikufa, shika ukuta kama unaanguka. Alipokufa ndipo nilipoiona mikono yake. Nilikuwa mtu mzima. Sikuijua."

"Tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Nyota. Mume wangu mlimpandisha juu ya paa kupigilia nyota mpya. Akateleza. Mkampitisha nyuma, na mimi nikaambiwa nicheke, watu wanasubiri supu. Nikacheka. Mashavu ulikuwa umenishika gauni, ukaniuliza, mama, kuna nini cha kuchekesha? Sikukujibu. Hakikuwepo kitu, mwanangu. Jibu lako ndilo hilo, limechelewa."

"Tunaomba..." Bibi Somoe akasema peke yake. Bwana Ngwali hakuitikia.

Pumzi ikawa inakuja kwa kuitwa. Sikudhani alisogea, akamnywesha maji kwa kijiko.

"Sura Moja. Ukutani hapo palikuwa na picha ya watu wa kwetu. Mkaishusha mkatundika hilo ua. Ngwali, nimelitazama ua hilo miaka yote nikitandikia wageni. Ni ua gani?"

"Ni ua tu, mgeni wetu mpendwa."

"Lina jina?"

Bwana Ngwali akalitazama kama analiona leo. "Halina, Bi Kidawa."

Kamwita jina! Bibi Somoe alishtuka.

"Imebaki moja," Bi Kidawa akasema. "Ya Kila Nyumba. Siku mlipokuja kupigilia namba kwenye huu mlango wangu. Nani alishika ngazi, nani alishika nyundo, na nani alinishika mimi."

Bwana Ngwali akaficha mikono nyuma.

"Endelea, mgeni wetu mpendwa," Bibi Somoe akasema haraka haraka. Ile sheria keshaikumbuka, jasho linamtoka. "Malizia tu. Tupo, tunasikiliza. Ukishasema limekwisha, utapumzika."

"Malizia, mama," Bwana Ngwali akanong'ona. Lakini yeye sauti yake haikuwa ya haraka. Ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kuambiwa.

Bi Kidawa akawatazama, mmoja, halafu mwingine. Akamtazama Mashavu, aliyekuwa kapandisha miguu yote miwili kitandani, kajikunja ubavuni kwake, soksi moja imetoboka kidoleni. Akavuta shuka, akamfunika.

"La," akasema. "Na nyie mmesimama sana, nendeni mkajiegeshe. Hilo lililobaki nitawaambia kesho."